Sufuria ya Mbwa wa Mama

Nimewahi kumwonea wivu mbwa. Sisemi kwa utani. Namaanisha wivu wenyewe, ule unaokukaa kifuani kama kiungulia na kukufanya uhesabu vipande vya nyama kwenye bakuli la mwenzio. Wanawake ninaowafahamu wamewaonea wivu wake wenza, mawifi na majirani walionunua masofa mapya. Mimi nilimwonea mbwa wa mama yangu mzazi, mbwa dume wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililochanika, ambaye hakuwa na habari hata kidogo kwamba nina ugomvi naye.

Mimi ni mama lishe. Kibanda changu kiko mjini, soko la Kashaulili, nyuma ya maduka ya nguo, na kama umewahi kushinda sokoni pale njaa ikakubana saa sita, huenda umeshakula chakula changu bila kujua ni changu. Maharage yangu nayaunga kwa karanga. Wali wangu ni wa mchele wa Mpimbwe, hauvurugiki wala haugandi. Nina wateja wanaotoka stendi kwa miguu, wanapita vibanda vitatu vya wenzangu bila kugeuza shingo, wanakuja kukaa kwenye benchi langu. Nayasema haya kwa kujisifu, sina haja ya kuficha. Wenzangu wa vibandani wanajua na wameshaninunia vya kutosha.

Mama yangu peke yake hajawahi kunisifu. Tangu nilipopika ugali wangu wa kwanza nikiwa darasa la tatu, mama huonja, hutafuna taratibu, kisha husema, "Kimeiva." Basi. Wali kimeiva, nyama kimeiva, hata keki niliyomwokea mwaka mmoja ilikuwa kimeiva. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndiyo sifa yenyewe. Nilipokua nikaanza kusikia alivyowaambia watu wengine chakula chao kitamu, jirani, mke wa kaka, hata katekista aliyetupikia chai kwenye kikao, ndipo nikaelewa kwamba neno analo, ila kwangu hajalitoa.

Mama anaishi kijijini, Mamba, kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba. Baba alipofariki tulimwambia aje mjini akakataa. Akabaki na mpunga wake, mahindi yake, na huyo mbwa aliyekuwa akimfukuzia nguruwe pori na nyani shambani. Mwaka huo ninaousimulia akaanza kuchoka. Akichota maji anakaa njiani. Akiinuka ghafla anashika ukuta. Kaka yangu akanipigia simu, nikaenda kumchukua, nikampeleka hospitali.

Wakampima, wakasema damu imepungua sana. Muuguzi mmoja, mwanamke wa umri wangu, sauti kavu, akatueleza polepole ale nini: maini, mayai, dagaa, mboga za majani. Ale kila siku, ashibe. Wakampa na dawa. Tukaambiwa turudi baada ya mwezi mmoja, na kama damu haijapanda atalazwa na kuongezewa damu ya mtu mwingine. Mama alikuwa ametulia muda wote, lakini kusikia hilo akanishika mkono. Tulipotoka nje akaniambia, "Mtu hata simjui, nimbebe mwilini mwangu? Mama, usiniache nifike huko." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Nikamwambia asiogope. Kwa kweli moyoni nilifurahi, na hili nalisema kwa aibu. Mgonjwa anayetakiwa kula amekuja kukaa kwa nani? Kwa mpishi. Nilijiona nina mwezi mzima wa kumpikia, saa zote, vitu vizuri. Damu itapanda, na siku moja atainua uso kwenye sahani na kulitoa lile neno.

Akakubali kukaa kwangu kwa sharti moja, kwamba mbwa naye aje. Nilicheka, nikadhani anatania. Hakutania. Mbwa alikuja kutoka Mamba juu ya lori la mpunga, amefungwa kamba kwenye magunia, na jioni alipofika mama alitoka nje kumpokea kwa haraka ambayo sikuiona siku aliyonipokea mimi kule Mamba.

Hapa ni lazima nimweleze mume wangu, maana bila yeye kisa hiki hakieleweki. Ni fundi seremala, karakana yake iko jirani na nyumbani, na ni mtu mpole ambaye hawezi kugombana hata na msumari uliopinda. Yeye na mama ni mtu na mkwe wake, na kwa watu wa rika la mama ukwe ni jambo zito. Hawakai chumba kimoja. Hawali wakitazamana. Akitaka kupita uani anakohoa kwanza ili mama asogee, na anamsalimia kwa mbali akiangalia chini. Mama naye hazungumzi naye moja kwa moja. Humwita baba, na akiwa na neno ananipa mimi nilipeleke: "Mwambie baba." Wakati mwingine mume wangu amesimama hatua tano kutoka hapo na amesikia yote, lakini bado ni lazima nimgeukie nilirudie neno lenyewe.

Nilijipanga vizuri, au nilidhani hivyo. Nilimpa mama chumba cha nyuma chenye mlango wake wa kutokea uani. Mume wangu akila anakula sebuleni, mama anakula chumbani kwake. Mimi natoka alfajiri kwenda kibandani, na saa sita namtuma bodaboda nyumbani na hotipoti kubwa iliyojaa: wali au ugali, maharage, nyama, mchicha. Mama anachota kwanza kwa sababu ni mkubwa, kisha bodaboda anaipeleka hotipoti sebuleni, mume wangu naye anachota. Watoto wako shule za bweni, kwa hiyo ni wao wawili tu. Niliona nimeheshimu kila mtu, nikaendelea na kazi zangu.

Hotipoti ilirudi kibandani ikiwa imebaki zaidi ya nusu. Jioni nilipomuuliza mama kama amekula, akasema, "Nimeshiba, mama. Chakula chako kinashibisha." Nikalibeba neno hilo mpaka kitandani. Kinashibisha. Hata mawe yanashibisha.

Siku ya nne nikarudi nikakuta mafiga matatu nyuma ya nyumba, moto umewaka, na sufuria yangu ya zamani juu yake. Mama yuko kwenye kigoda na mwiko mkononi. Nikamuuliza anapika nini wakati mimi mwanaye kazi yangu ni kupika. Akasema anampikia mbwa.

"Mbwa si anakula mabaki?" nikasema. "Mabaki hapa yako tele."

"Mabaki yako yana vitunguu," akasema. "Kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Na chumvi nyingi. Kule Mamba alikuwa anajitafutia panya na sungura. Hapa nyie mmemfungia geti. Atakula nini huyu?"

Basi nikakaa nikamtazama, na kila siku niliyowahi kurudi mapema nilimtazama. Dagaa wa Karema anawamwaga kwenye ungo, anawachambua mmoja mmoja kutoa mchanga, anawaosha mara tatu. Anachemsha maji, anaweka boga lililokatwa vipande, linaiva mpaka linapondeka. Anaongeza dagaa, halafu majani ya maboga aliyoyakatakata membamba. Unga wa dona anaukoroga pembeni kwa maji baridi kabla ya kuumimina, usifanye mabonge. Maini yanaingia mwishoni, vipande vidogo, yasikomae. Yai analipasua juu ya sufuria, anakoroga mara moja tu. Ganda la yai halitupi, analikausha karibu na moto, analitwanga kwenye kinu mpaka linakuwa unga laini, anampa mbwa kidogo kwenye bakuli lake kwa ajili ya mifupa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hampi kamwe, anasema inamchoma utumbo. Hivyo ndivyo anavyopika mpaka leo.

Mimi ni mpishi, najua chakula kizuri kwa pua. Kile hakikuwa na chumvi, mafuta wala kitunguu, na bado harufu yake ilinifanya nimeze mate nikiwa nimesimama pale na mkoba begani. Mama alichukua tone moja, akaliweka kiganjani, akalilamba, akafumba macho kidogo. Kilichoniuma ni hapo. Chakula changu anakionja baada ya kubembelezwa, na cha mbwa anakionja kwa hiari yake, tena macho amefumba.

Kisha maagizo yakaanza. Mama, mbwa anahitaji maini. Mama, kesho usisahau mayai ya mbwa, mawili. Mama, mbwa amezubaa, mletee dagaa wale wakubwa kidogo. Mwambie baba, kama bucha ina bandama, mbwa anapenda. Nilimwambia baba, na baba, kwa heshima ya mama mkwe wake, akawa anapita bucha kila baada ya siku moja na kurudi na kifuko cheusi cha maini mekundu, safi, yasiyo na mishipa. Miaka kumi na tisa ya ndoa hajawahi kuniletea mimi maini. Nikamwambia hivyo. Akajibu, "Sasa ningejuaje kama unayapenda?" akaenda zake karakana.

Jumapili moja nikachinja kuku. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, huo mjadala haupo. Marehemu baba aliila peke yake miaka yote, sisi watoto tukimtazama anavyotafuna, na mama akiwa jikoni. Nyumbani kwangu anakula mume wangu. Nilikuwa namkatakata, bado sijambandika, mama akaita kutoka uani, kwa sauti ndogo, niitoe firigisi niiweke kwenye sufuria ya mbwa. Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Mume wangu alikuwa sebuleni na alisikia. Nilipompelekea bakuli alilitazama, akalitikisa kidogo kana kwamba firigisi imejificha chini ya paja, kisha akala. Mkwe hawezi kumdai mama mkwe firigisi. Mimi nilikuwa nimejaa hadi shingoni.

Nikatoka uani. Nikasema, "Mama, mimi napikia watu kutwa nzima mpaka mgongo unakatika. Hotipoti yangu inarudi nusu kila siku. Unasema umeshiba. Halafu maini, mayai, sasa na firigisi, vyote anakula huyu. Umeambiwa ule wewe au ale mbwa?"

Mama hakuniangalia. Alikuwa anakoroga. "Nakula, mama," akasema.

"Hukuli. Unampenda huyu mbwa kuliko chakula changu."

Nadhani nilitaka kusema kuliko mimi, ila mdomo ulichepuka. Mama akaendelea kukoroga. Mbwa alikuwa amelala kando yake, kidevu juu ya mguu wake, akanitazama kwa jicho moja na kulifumba tena. Nilitamani kumpiga na mwiko.

Kesho yake nikafanya jambo ambalo bado linanikera nikilikumbuka. Mume wangu alileta maini kama kawaida. Nikayachukua, nikayapeleka kibandani, nikawauzia wateja na ndizi. Jioni mama akauliza. Nikamwambia, "Baba amesema nyama zinaisha kwa ajili ya mbwa. Amesema inatosha." Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, huku navua viatu. Mume wangu hakuwahi kusema neno kama hilo, hata kulifikiria. Lakini nilijua mama hawezi kumwendea mkwe wake kumuuliza. Neno lolote la baba linapitia kwangu, na mimi nikaamua kulitengeneza mwenyewe.

Mama akakaza khanga yake. Akasema, "Basi sawa. Mwambie baba anisamehe."

Msamaha huo sikuufikisha. Mume wangu nikamwambia mama amesema mbwa amekinai maini, apumzike. Akafurahi, akanunua misumari.

Kuanzia siku hiyo mama hakuagiza chochote, si mayai, si dagaa wakubwa, si bandama. Mafiga yaliendelea kuwaka lakini ndani ya sufuria mlikuwa na boga, majani aliyochuma kwenye ua, ukoko nilioutoa kibandani, na vichwa vya dagaa ambavyo wateja hawavitaki. Niliona nimeshinda. Niliwaza kwamba sasa, mbwa akiwa hana cha maana, mama atarudi kwenye hotipoti. Nikaongeza juhudi. Nilimpikia kuku wa kienyeji kwa karanga, nikamtumia kunde na samaki mkavu wa mgebuka. Hotipoti ikarudi vilevile, shimo dogo la kijiko pembeni, kama panya amepita. Sehemu kubwa iliyoliwa ilikuwa ya upande wa mume wangu.

Nikazidi kununa. Nilimwona mama anakaa katikati ya kufagia, nikasema ni kwa sababu anajichosha kumpikia mbwa. Midomo yake ilikuwa imepauka. Niliona, lakini nikaona pia mbwa yuko vizuri, manyoya yanang'aa, na macho yangu yakaishia kwake. Nilipanga mwezi ukiisha nimrudishe mbwa Mamba kwa kaka, iwe mimi na mama tu.

Zikiwa zimebaki siku mbili kurudi hospitali, nilipata oda ya kupikia kikao cha watu hamsini na sufuria zangu hazikutosha. Saa nane mchana nikapanda bodaboda kwenda nyumbani kuchukua sufuria kubwa. Mume wangu alikuwa karakana, nilisikia randa. Nikapita pembeni ya nyumba ili nifike stoo, na kabla sijakunja kona nikamwona mama.

Alikuwa kwenye kigoda, sufuria katikati ya magoti. Alichota kwanza kwenye bakuli la bati, lile dogo lake la kutoka Mamba. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa chumvi kidogo kwa vidole viwili, akanyunyiza, akafunga tena. Kisha akala. Hakula taratibu. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, tonge juu ya tonge, bila kuinua kichwa, boga na ukoko na vichwa vya dagaa, na alipomaliza akapangusa bakuli kwa kidole, akalamba kidole. Mbwa alikaa mbele yake ametulia, mkia haujatikisika, anajua zamu yake. Ndipo mama akamimina kilichobaki kwenye chombo cha mbwa.

Nilisimama pale na ufunguo wa stoo mkononi.

"Mama," nikasema. "Unakula chakula cha mbwa."

Hakushtuka. Nadhani alikuwa amechoka kushtuka. Akaweka bakuli chini. "Siyo chakula cha mbwa," akasema. "Mbwa ndo anakula changu."

Nikakaa chini, kwenye udongo, na nguo yangu ya kazi. Nikamuuliza kwa nini. Hotipoti kila siku inakuja imejaa, nikamwambia, unaiacha.

"Hotipoti moja," akasema. "Mimi na mkwe wangu, hotipoti moja. Nichote mimi, halafu yeye achote pale nilipopitisha mkono? Nikichota sana ataona. Akikuta nyama zimepungua atasema mama mkwe wangu mlafi. Nachota kijiko, namwachia. Na wewe jioni unaniuliza nimekula, yeye yupo nyuma ya ukuta anasikia. Niseme nina njaa kwa mkwe wangu?"

Nikasikia masikio yanawaka. Mimi nililelewa na mwanamke huyu. Bibi yangu mzaa mama alipokuja kwetu nilikuwa nabeba bakuli lake mwenyewe, lililofunikwa, nikazunguka nyuma ya nyumba ili baba asilione hata mfuniko. Niliyajua yote hayo. Nikaja mjini, nikanunua hotipoti kubwa, nikaona sahani mbili zinatosha.

"Na maini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Ningesemaje? Mwambie baba mama mkwe wako anataka maini? Anataka mayai mawili?" Akatikisa kichwa, karibu acheke. "Mbwa anaweza kuomba. Mbwa hana mkwe."

"Na firigisi."

Hapo akacheka kweli, kidogo, akafunika mdomo na khanga. "Mama, sikujua ni tamu vile. Miaka yote ile baba yako anakula peke yake, nilidhani ni ngumu tu."

Alisema tamu. Na mimi, nikiwa nimekaa pale mbele ya mama yangu ambaye nimemshindisha njaa nyumbani kwangu, bado kitu kikanichoma kwamba neno lile limeenda kwenye firigisi aliyoipika mwenyewe bila chumvi. Siwezi kujitetea. Ndivyo nilivyokuwa.

"Siku zile nyama zilipokuwepo nilianza kupata nguvu," akaendelea. "Nilikuwa nakwenda mpaka getini. Lakini usimlaumu baba. Mwanaume ana mengi ya kuhudumia, na mimi nimekuja na mbwa juu. Alivyosema inatosha nikaona ana haki."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Neno lilikuwa fupi tu: hakusema yeye, nilisema mimi. Randa ilikuwa inasikika karakana, mume wangu anafanya kazi yake, hana habari kwamba ndani ya nyumba yake ameshakuwa mtu mchoyo. Nilimtazama mama, nikaona anaangalia chini, anamkuna mbwa nyuma ya lile sikio lililochanika. Nikasema, "Nitaongea naye." Nikachukua sufuria kubwa, nikarudi kibandani, nikapikia watu hamsini.

Siku hizo mbili nilimpikia mama peke yake, kwenye chungu chake, nikamletea mwenyewe kupitia nyuma, nimefunika kwa kitambaa. Maini asubuhi, maini jioni. Alikula yote. Siku mbili hazitoshi kuleta damu, hilo hata mimi nisiyesomea utabibu nalijua, lakini nilimlisha kama mtu anayeziba paa mvua ikiwa imeshaanza.

Tulirudi hospitali tukamkuta muuguzi yuleyule. Wakamtoa mama damu kidoleni, tukasubiri kwenye benchi, tukaitwa. Muuguzi alitazama karatasi, akaitazama na ile ya mwezi uliopita, akaziweka pamoja mezani. Damu haikupanda. Ilikuwa imeshuka. Akaniuliza mimi, siyo mama, na sauti ilikuwa ya mtu anayejiandaa kugomba, "Dada, huyu mgonjwa mlikuwa mnamlisha nini huko nyumbani?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Usimseme huyu," akasema. "Huyu ni mpishi, muulize mtu yeyote sokoni. Watu wanatoka stendi kufuata chakula chake. Ananipikia kila siku mpaka namwambia basi. Chakula chake kitamu sana. Ni mwili wangu tu umegoma."

Muuguzi akanitazama tena, uso ukalainika. Akachukua kalamu, akaandika alazwe na aongezewe damu. Mama alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa gauni lake. Muuguzi akaniambia hongera, siku hizi watoto wanaowatunza wazazi hivyo ni wachache.

Nikamwambia asante.